Boxster ya kilomita 238,000 au ile ya 71,000, achukue ipi?

Swali nimelipata hivi, nalifupisha. Jamaa kapata Porsche Boxster mbili (ile spoti ya paa la turubai), zote za 2001, zote injini ya lita 2.7 na gia za mkono. Ya kwanza imetembea kilomita 238,000, mwenye nayo kakaa nayo miaka mingi na ana faili zima la risiti, ila rangi imechoka na kiti cha dereva kimechanika pembeni. Ya pili ina kilomita 71,000, inang'aa, imepita mikono minne, karatasi za sevisi hamna, na bei yake inakaribia mara mbili ya ile ya kwanza. Anauliza achukue ipi, kama 238,000 si ndo injini imeshafika mwisho, na kama anaweza kwenda nayo kazini kila siku.

Ndugu yangu, jibu langu ni hiyo ya 238,000. Lakini kuna masharti na usiyaruke hata moja, kwasababu hii gari ukiinunua vizuri utaifurahia miaka na miaka, ukiinunua kwa macho tu itakumaliza.

Kwanza tuelewane kuhusu hizo kilomita. Namba ya kwenye dashbodi inakwambia gari imezunguka kiasi gani, haikwambii imezungushwaje, wala ilikuwa inalala wapi, wala oili ilikuwa inamwagwa lini. Na injini ya hii Boxster, ile wanayoiita M96, ina tabia moja ambayo watu wengi hawaijui, yaani inaumia zaidi ikikaa na ikitembezwa vikilomita viwili vitatu kuliko ikipigishwa safari ndefu. Zipo zimepita 300,000 na injini ileile ya kiwandani. Na zipo zimekufa hata 80,000 hazijafika. Sababu kubwa ni beringi ya shafti ya kati, wenyewe wanaiita IMS, na hapa nitakaa kidogo maana ndo moyo wa jambo lote.

Ndani ya ile injini kuna shafti inayochukua nguvu kutoka kwenye krenkishafti (shafti kuu inayozungushwa na pistoni) na kuzungusha cheni za kemishafti (zile zinazofungua valvu). Upande wa flaiwili, yaani kule iliko klachi na gia boksi, shafti hiyo imeshikwa na beringi ya gololi, na Porsche waliiweka iliyofungwa na grisi yake ndani, kwahiyo haipati oili ya injini moja kwa moja. Miaka ikienda sili za beringi zinakauka na kukakamaa, oili inapenyeza, inaosha grisi yote, afu oili yenyewe inabaki humo ndani haitoki, inachafuka, inakuwa na asidi, gololi zinaanza kuliwa. Ikivunjika shafti inacheza, cheni zinapoteza taiming, valvu zinagongana na pistoni, na hapo habari ya injini imeisha. Gari inayotembea safari ndefu oili inapata moto wa kutosha, unyevu unatoka, beringi inaishi. Gari iliyokaa gereji ikiwashwa mara moja moja ili ing'arishwe na kupigwa picha, hiyo ndo ya kuogopa. Sasa angalia hizo mbili ulizopata, ipi inafanana na hadithi ipi?

Za mwanzoni kabisa zilikuwa na beringi ya safu mbili za gololi, imara zaidi. Baadae wakaweka ya safu moja, na hiyo ndo yenye sifa mbaya. Gari za 2000 na 2001 zimechanganyika, huwezi kujua yako ina ipi mpaka gia boksi ishuke, akikwambia mtu anajua kwa kuangalia namba ya injini usimwekee pesa. Kwahiyo ukifika kwa huyo mwenye faili, risiti ya kwanza kutafuta ni ya hii beringi. Imebadilishwa? Lini, kwenye kilomita ngapi, na iliwekwa ya aina gani? Maana hata hizi za kubadilishia nyingi zina muda wake wa kubadilishwa tena, sio kwamba ukishaweka umemaliza milele. Kama haijabadilishwa bado sikukatazi kununua, ila hesabu ya bei inabadilika, nitakuja huko.

Sasa ukaguzi. Usikague barabarani wala kwenye uwanja wa muuzaji. Tafuta gereji yenye lifti, lipia muda wao, na mpate mashine ya skana inayoongea na Porsche vizuri, Durametric inatosha au ile ya kiwanda. Skana ya kawaida ya kusoma taa ya injini haitakupa ninayotaka uone.

La kwanza ni masaa ya injini. Kompyuta ya injini inahesabu masaa iliyofanya kazi, na hiyo hesabu iko mbali na namba ya kwenye dashbodi, mtu akichezea odomita mara nyingi hii anaisahau. Chukua kilomita gawanya kwa masaa. Tuseme ile ya 238,000 ina masaa 4,600, unapata wastani wa kilomita 52 hivi kwa saa, hiyo ni gari iliyokuwa inasafiri, namba zinaelewana. Tuseme ile ya 71,000 ukakuta masaa 3,500, hapo ni kilomita 20 kwa saa. Ama maisha yake yote ilikuwa kwenye foleni, ama dashbodi imepunguzwa au imebadilishwa. Vyovyote iwavyo zile kilomita 71,000 unazolipia mara mbili hazina thamani uliyodhani. Kwa ninavyoona mimi hiki kipimo peke yake kimeokoa wanunuzi wengi kuliko kuangalia rangi na viti.

La pili, hapohapo kwenye skana, ni rekodi ya injini kuzidishwa mizunguko. Inakuja kwa ngazi mbili. Ngazi ya kwanza ni dereva kukanyaga mpaka kompyuta ikakata mafuta, hiyo isikutishe, ni gari ya spoti. Ngazi ya pili ni pale mtu anapotaka kuingiza gia ya nne akachomeka ya pili, magurudumu yanailazimisha injini izunguke kupita uwezo wake na kompyuta haiwezi kuzuia. Ukikuta namba hapo soma na saa ilipotokea. Kama ilitokea saa ya 900 na sasa injini iko 4,600, maana yake imeishi masaa 3,700 baada ya lile tukio, ingekuwa imevunjika ingeshavunjika. Kama ni juzi juzi, achana nayo.

La tatu, mkengeuko wa kemishafti, yaani zimepishana kiasi gani na pale zinapotakiwa kuwa. Kila upande una namba yake. Isizidi nyuzi 6, na kadiri inavyokaribia sifuri ndo vizuri, na muhimu zaidi itulie, injini ikiwa sailensa (inaunguruma bila kukanyagwa mafuta) namba isirukeruke. Ikiruka ujue vipande vya plastiki vinavyobana cheni vimeliwa au kuna kitu kinacheza kule ndani.

Afu mwambie fundi afungue filta ya oili mbele yako. Usikubali "tumeshaibadilisha jana". Kata ile karatasi, ikunjue kama feni, mulika na tochi, pitisha sumaku. Vichembe vya kahawia au vyeusi vya plastiki ni zile pedi za cheni, vichache kwa umri huu vinavumilika. Vinavyong'aa na vikang'ang'ania sumaku ni chuma, na chuma humo kinaweza kuwa ni beringi imeanza kufa. Hapo ondoka. Usidanganywe kwamba utaweka beringi mpya mambo yaishe, kwasababu ule unga umeshazunguka injini nzima umeingia kila mahali, ukiweka beringi mpya juu ya injini iliyokwisha kula chuma unapoteza pesa mara mbili. Vinavyong'aa visivyoshika sumaku ni aluminiamu, na hapo tunaingia kwenye habari ya silinda.

Silinda kuchubuka ni ugonjwa mwingine wa familia hii, ila 2.7 yako haisumbuki sana ukilinganisha na zile za lita 3.4 na 3.8 zilizokuja baadae. Dalili ni injini kugonga tik tik tik hasa ikishapata moto, kula oili, na masizi. Kwenye Porsche 911 za kipindi hicho ungeangalia bomba la moshi la upande mmoja kama ni jeusi kuliko lenzake, lakini Boxster ya kawaida ina tundu moja katikati, upande wa kushoto na wa kulia zinachanganyika, kwahiyo toa plagi zote sita zipange kwa mpangilio wake uzilinganishe. Ukiona tatu za upande mmoja zimejaa masizi na za upande mwingine kavu, ingiza kamera. Na kamera ya kupitia tundu la plagi inaonyesha sehemu ya juu tu, ukitaka uhakika sampo (lile bakuli la oili chini ya injini) ishushwe uangalie kutokea chini. Kama plagi ziko sawa na injini haigongi sioni haja ya kwenda mpaka huko.

Siku ya kwenda kuiona sema mapema kwamba unataka kuikuta ya baridi. Ukifika gusa bomba la moshi na bodi ya nyuma, kama ni vya moto muulize kwanini. Ikiwaka, moshi kidogo wa bluu wa sekunde chache usikushtue, injini imelala silinda zake ubavuni na oili inajikusanya, hasa kama gari ililala kwenye mteremko. Ila ikitoa wingu jeupe zito linalofunika nyuma yote, hiyo ni AOS, kile kichujio kinachotenganisha oili na mvuke, ngozi yake ya ndani imechanika. Kuhakikisha, injini ikiwa sailensa jaribu kufungua kifuniko cha kujazia oili, kikiwa kinavutwa ndani kwa nguvu mpaka unakipigania basi ni hiyo. Sio ya kukimbia gari, ni ya kupunguza bei, lakini usiiendeshe hivyohivyo miezi maana oili ikivutwa nyingi kwenye silinda inaweza kukuvunjia vitu.

Endesha mpaka ipate moto kabisa. Pedali ya klachi ikiwa nzito inakuchosha mguu ujue klachi inaelekea mwisho, na mimi kwa gari ambayo IMS haijaguswa hiyo ningeifurahia, nitakwambia kwanini. Gia ya pili ijaribu kwa makusudi, kanyaga kwa nguvu afu achia ghafla, maana hizi za gia tano zinajulikana kwa gia ya pili kuruka yenyewe. Ikiruka ni gia boksi kufunguliwa, na hiyo kazi sio ndogo.

Upande wa maji. Rejeta ziko mbele, moja kila kona, na zile tundu za bampa zinakusanya majani na uchafu miaka yote, ukioza unakula rejeta na kondensa ya AC pamoja. Chungulia na tochi. Tangi la kulanti liko nyuma kwenye buti na linapasuka, ukikuta kapeti ya buti ina unyevu au harufu tamu tamu umeshapata jibu. Wota pampu ina pangaboi la plastiki, likivunjika vipande vinaingia kwenye njia za maji za injini na vinakaa humo, kwahiyo kama risiti inaonyesha haijabadilishwa kwenye kilomita 80,000 mpaka 100,000 zilizopita, ibadilishe kabla haijakuambia. Kuna wanaopenda kuweka ya pangaboi la chuma, mimi sipendi, beringi ya pampu ikilegea lile chuma linasaga bloku.

Kitu kimoja ambacho wanunuzi hawakioni kabisa: inua kapeti chini ya kiti cha kushoto. Kule ndo kuna kontroli boksi ya alamu na loki na imobilaiza (kinachozuia gari isiwake bila ufunguo wake). Turubai la paa lina matundu ya kutoa maji, yakiziba na majani maji ya mvua yanashuka ndani na yanatulia palepale ilipo hiyo boksi. Gari inaanza kufunga milango yenyewe, alamu inalia usiku, mwisho haiwaki kabisa. Kapeti ikiwa mbichi, au imeshakauka lakini ina alama ya maji, fungua boksi uangalie kutu. Hii ndo naiogopea zaidi ile inayong'aa kuliko hii iliyochoka, maana gari inayoendeshwa kila siku mwenyewe angeshasikia kapeti imelowa, ile ya kukaa inaoza kimya kimya hakuna anayejua. Na kioo cha nyuma cha paa kwa 2001 ni plastiki, cha glasi kilikuja kwenye modeli ya 2003, kwahiyo kukuta kimefifia au kimepasuka kwenye mkunjo ni kawaida.

Miguu sitaongea sana. Kwenye 238,000 kama shokabu ni za kiwandani zimeshakufa, kama bushi na amu hazijabadilishwa utazisikia zikigonga kwenye barabara mbovu, weka kwenye hesabu. Matairi soma zile namba nne za mwisho, wiki na mwaka, gari ya kilomita chache mara nyingi inakuja na matairi yenye kashata nzuri lakini ya zamani, magumu kama ubao, na hii ni gari ya injini katikati, ikipoteza mshiko nyuma haikupi muda wa kufikiria.

Pesa sasa. Usitumie yote kununua. Hii gari imeshuka bei lakini spea zake hazijashuka, pedi na amu na rejeta zinauzwa kwa bei ya gari iliyokuwa ghali ikiwa mpya. Kipimo changu ni hiki: baada ya kulipia gari uwe na angalau nusu ya ile bei imekaa pembeni kwa mwaka wa kwanza. Na ndo maana naichagulia hiyo ya kilomita nyingi, kwa pesa ambayo ungempa yule wa pili unainunua hii, unafanya kazi zote kubwa, na bado unaweza kubaki na akiba. Ukiichukua ya 71,000 kwa pesa yako yote, beringi yake ni ileile ya zamani, rejeta zilezile, wota pampu ileile, afu mfuko mtupu.

Na kama IMS haijabadilishwa, hii ndo sababu nimesema klachi nzito ningeifurahia: ili uifikie hiyo beringi lazima gia boksi ishuke, klachi na flaiwili zitoke. Ukifika pale unabadilisha klachi, beringi, na sili ya nyuma ya krenkishafti ambayo nayo ina tabia ya kuvuja, vyote kwa ufundi mmoja. Kwahiyo kaa na muuzaji mwambie klachi inaisha, toa gharama ya kazi nzima kwenye bei, na siku ya kuifanya fanya vyote. Ukifanya klachi peke yake ili upunguze gharama utajilaumu, maana ufundi wa kushusha gia boksi utaulipa mara ya pili.

Kwenda nayo kazini kila siku? Inaweza, na nimeshaeleza kwamba kutembea kunaifaa. Tatizo langu ni kama ndo gari yako pekee. Spea nyingine unasubiri, kazi nyingine fundi anahitaji wiki, na mtu asiyekuwa na usafiri mwingine anaanza kumharakisha fundi, anakubali spea yoyote iliyopo, anaendesha huku taa ya joto imewaka. Kama huna namna nyingine ya kufika kazini kwa wiki mbili au tatu, subiri kwanza. Na kama kazini ni karibu, safari ya dakika kumi, basi angalau mara moja kwa wiki itoe njia ndefu mpaka oili ipate moto kweli. Geji ya joto inasoma maji, na maji yanawahi, oili inachelewa, kwahiyo sindano ikishafika katikati bado mpe dakika kadhaa kabla hujakanyaga. Usiiwashe asubuhi ukaiacha ikaunguruma palepale, washa uondoke taratibu. Wala usiiburuze gia ya juu kwa mizunguko ya chini huku umekanyaga sana, watu wanafikiri wanaitunza kumbe wanaitesa.

Oili mwaga kila kilomita 8,000 au mwaka, chochote kitakachotangulia, usifuate ile ratiba ndefu ya kwenye kitabu. Inabeba zaidi ya lita 8 kwahiyo nunua ya kutosha, 0W-40 au 5W-40 yenye idhini ya Porsche A40 imeandikwa kwenye kopo. Na kila ukimwaga kata filta uangalie, uwe na bahasha unaweka vile vichembe na tarehe, kikianza kuonekana kipya utakiona mapema.

Nenda kwa huyo mwenye faili kwanza, soma risiti zote bila kumwambia bei unayotaka kutoa, na umuulize tu kwanini anauza. Ukishapata masaa ya injini, zile namba za kuzidisha mizunguko na za kemishafti, na picha ya filta iliyokatwa, nitumie hizo nne kabla hujatoa hata advansi, nitakusomea.